Barua Pepe Iliyosindikizwa na Kanisa Zima

Nilipewa cheo cha mtaalamu wa kompyuta kanisani kwetu kwa sababu siku moja nilichomeka printa kwenye umeme. Ilikuwa imechomoka, basi. Katibu wa kanisa alikuwa ameihangaikia asubuhi nzima, akaipigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, hadi mimi nilipopita nikaona waya umelala chini. Nikauchomeka, printa ikanguruma, kina mama wakapiga vigelegele. Tangu siku hiyo sina amani. Kazi yangu ni kufua mashuka ya mahoteli, na kompyuta sijaisomea hata dakika moja, lakini ukiingia kwenye ukumbi tunaoupanga Toongabbie, hapa Sydney, ukauliza nani anajua mambo ya mtandao, vidole vyote vitanielekea mimi, hata vya watoto wachanga.

Mchungaji naye akalikuza jambo. Akanitengea muda kila Jumapili, kati ya matangazo na sadaka, akauita dakika tano za mtandao. Nilikuwa nasoma habari za teknolojia kwenye simu ndani ya treni nikitoka Merrylands, halafu nawasimulia waumini: kuna matapeli wanajifanya benki, usibofye, neno lako la siri usimpe mtu, hata shemeji. Kanisa letu ni Warundi na Wakongo, na Watanzania kidogo, na Mkenya mmoja ambaye hucheka kabla sijamaliza kusema. Watu walizipenda hizo dakika kuliko mahubiri, nami nasema hivyo kwa heshima zote. Nilipowaambia kuwa siku hizi kompyuta inaweza kukuandikia barua nzima yenyewe, mzee mmoja anayekaa viti vya nyuma akauliza kama inaweza pia kuhudhuria vikao vya wazee wa kanisa kwa niaba yake, yeye abaki nyumbani.

Shida ilianza Jumapili niliyosoma kuwa kampuni moja kubwa ya barua pepe itafuta akaunti zilizokaa muda mrefu bila kutumiwa. Nilieleza vizuri, naapa. Nilisema ukiingia mara mojamoja inatosha. Lakini ukumbi ulikuwa umeshachafuka.

"Donc, mail inaweza kufa?" katibu akauliza. Yeye ni Mkongo wa Bukavu, mtu wa tai na wasiwasi.

"Ikiachwa muda mrefu, ndiyo."

"Na kama batu banaisalimia kila siku?"

"Haihitaji kusalimiwa, ndugu katibu. Ifungue tu mara mojamoja."

Hilo la kufungua hakuna aliyelisikia. Walisikia la kusalimia. Kabla chai haijaisha, katibu alikuwa amekusanya anwani za kila mtu na kuziweka kwenye kundi moja, na azimio limepita bila kupingwa: kila asubuhi kila muumini atawaamsha wenzake kwa barua pepe, akaunti zisife. Wengi wetu tumekulia kambi za wakimbizi, na mtu wa kambini akisikia kitu kinataka kufa hulala macho.

Asubuhi iliyofuata simu yangu ilitetemeka hadi ikaanguka kutoka juu ya kabati. Mmoja alileta zaburi na picha ya jua likichomoza. Mwingine akajibu wote, "Amina." Mwingine, "Amina sana." Mwanakwaya mmoja akaambatisha video ya kwaya nzima ikiimba, wimbo mrefu na pambio lake. Yule mzee wa viti vya nyuma akaandika, "Nani huyu?" na watu wote wakamjibu huyo ni nani, kila mmoja kivyake. Nikaandika kwa herufi kubwa kwamba wasitumie kitufe cha kujibu wote. Wakanijibu wote: "Asante dada, ubarikiwe."

Ningezima simu niendelee na mashuka yangu, kama si Mama Mdogo.

Mama Mdogo ni mdogo wa marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea kambini Tanzania na ndiye aliyenitangulia kufika Sydney. Anakaa Fairfield. Kwa miaka mingi alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuku, upande wa chumba cha baridi, akipanga mapaja kwenye trei. Alivaa soksi juu ya soksi na sweta juu ya sweta, na bado akitoka pale vidole vilikuwa havimsikii. Kugeuza ufunguo wa mlango wake mwenyewe ilikuwa kazi. Nikimtembelea nilimkuta amekaa mikono kwapani, hataki hata kikombe, na mimi nilikasirika kila nilipomwona hivyo, nikawa sijui nimkasirikie nani. Ndipo akaomba kazi ya jikoni kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee. Jikoni, penye moto. Akaitwa kwenye usaili, akaenda na kitenge kipya, na mama wa ofisi ya ajira akamwambia ameridhika naye, majibu yatakuja kwa barua pepe.

Hayakuja. Siku zikapita, Mama Mdogo akaacha kula vizuri. Mara akasema wameona umri wake mkubwa, mara akasema ni kile kitenge, maua yake yalikuwa makubwa mno kwa ofisi. Jumamosi nikaenda kwake, nikamwomba simu yake niangalie. Juu kabisa ya kioo palikuwa na mstari mwekundu.

"Mama Mdogo, sanduku lako la barua limejaa."

"Limejaa nini?"

"Amina."

Nikamweleza kuwa sanduku likijaa, barua mpya hazipokelewi, zinarudishwa zilikotoka. Huenda wale watu walishamwandikia, barua ikabisha hodi, ikakuta kwaya imekaa mpaka kibarazani. Akashika kichwa. "Toa watu," akasema. "Toa watu upesi!"

Kutoa watu ni rahisi ukiwa peke yako. Nikatafuta barua zenye viambatisho vikubwa, nikaanza na video, kwa sababu video moja ya kwaya inakula nafasi ya amina nyingi sana. Nikapeleka kidole kwenye kufuta. Mama Mdogo akanishika mkono.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya mama mweka hazina wa kanisa. Anakutakia siku njema."

"Nilimjibu?"

"Sijui."

"Sasa utafutaje salamu ya mtu haijajibiwa? Ngoja nimjibu kwanza."

"Huwezi kumjibu. Sanduku likijaa halipokei wala halitumi."

"Basi futa nyingine, nimjibu huyu."

Tukaenda hivyo, tunafuta moja, tunajibu moja. Na kila aliyejibiwa, kwa furaha ya kukumbukwa, akajibu papo hapo, tena na picha. Ilipofika mchana sanduku lilikuwa limejaa kuliko nilivyolikuta. Nilitaka kulia. Nikasema, kwa sauti ambayo mtu hamtolei mama yake mdogo, kwamba hizi si salamu, ni takataka.

"Barua ni nusu ya kuonana," akasema, taratibu. "Wewe unataka nitupe nusu ya watu." Kisha akatoa lililokuwa linamsumbua hasa. "Na maombi je? Humo ndani wameniombea nipate hii kazi. Ukifuta ombi kabla halijajibiwa, si ndiyo kulirudisha?"

Hapo nikampigia Mchungaji. Alikuwa anakata nyasi za uani kwake, mashine inapiga kelele. Nikaweka spika, nikamweleza kesi. Mchungaji akafikiri, na mashine ikafikiri pamoja naye.

"Ombi likishafika juu," akasema, "nakala ya duniani si lazima itunzwe." Kisha akaniomba nikipata nafasi nipite kwake, maana na yeye ana mstari mwekundu.

Kwa hukumu hiyo Mama Mdogo akaniachia mkono. Video nikazihamishia kwenye flashi, asije akasema nimezika kwaya, zilizobaki nikafuta. Kisha nikafuta na kikapu cha taka, kwa sababu kilichomo kikapuni bado kinahesabiwa, jambo ambalo watu wengi hawalijui na ndilo linalowaliza. Mama Mdogo alitaka achungulie kikapu mara ya mwisho. Nikamkatalia. Mstari mwekundu ukatoweka.

Ikabaki kumwandikia yule mama wa ajira: sanduku langu lilikuwa limejaa, sasa lina nafasi, tafadhali nitumie tena. Tuliiandika pamoja kwa Kiingereza, fupi, safi, nikaisoma nikaipenda, nikaenda kumimina chai. Niliporudi na vikombe alikuwa ameshaituma. Ila aliongeza kidogo. Aliuliza mama ameamkaje, watoto hawajambo, na ule mguu aliokuwa anauchechemea siku ya usaili unaendeleaje. Hilo ningelimeza. Lakini nikatazama pale pa kuweka nakala, nikaona kundi zima la kanisa.

"Mama Mdogo! Mbona umewaweka watu wote?"

"Nimewaweka, ndiyo. Jambo kama hili niende peke yangu?"

Kwake halikuwa na mjadala. Mtu haendi kuposa peke yake. Hata kwenda kuzungumza na ndugu wa mume waliokasirika, mtu anasindikizwa. Watu wanakuja, wanakaa nyuma yako, wala hawasemi sana, lakini mwenye nyumba anaona kwamba huyu ana watu. Sasa barua yake ilikuwa inakwenda kubisha hodi kwa wageni, naye akaipa wasindikizaji.

Wasindikizaji wakafanya kazi yao. Mama mweka hazina akamwandikia yule mama wa ajira kuwa pilau ya dada huyu haina mfano wake Sydney yote. Mzee wa viti vya nyuma akaandika kwa Kifaransa, barua ndefu, kuhusu tabia zake njema tangu kambini. Mkenya akaandika, "Huyu mathe ni mnoma, just give her the job," yaani mama huyu ni hodari, mpe tu kazi. Katibu akaambatisha video ya kwaya.

Na wote, bila kukosa, wakajibiwa palepale: asante kwa barua yako, nipo likizo hadi Jumanne.

"Mnaona adabu ya huyu mama!" mweka hazina akaliandikia kundi. "Yuko likizo na bado amejibu kila mtu!"

Nikawaambia hiyo ni mashine, inajibu yenyewe, hata ukiitukana itakushukuru. Katibu akanijibu, nakala kwa wote: "Machine gani inajua kusema thank you? Dada, heshimu mama wa batu." Wakamshukuru yule mama kwa kuwashukuru. Wakamtakia likizo njema, wakamwombea safari, ingawa hakuna aliyesema anasafiri. Na kila kilichokwenda kwake kilitua pia kwa Mama Mdogo. Jua halijazama, mstari mwekundu ukarudi. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Jumapili, zilipofika dakika zangu tano, sikusoma habari yoyote. Nilisimama mbele nikawaambia kuwa keshokutwa yule mama anarudi ofisini. Akituma barua ikarudishwa tena, kazi anapewa mwingine, na Mama Mdogo anabaki na kuku wake na baridi yake. Kwa hiyo kuanzia sasa hadi Jumanne jioni hakuna salamu, hakuna zaburi, hakuna amina. Wala kwake, wala kwa yule mama, wala kwa mtu yeyote.

Kufunga chakula wanakujua, tena wanakuweza. Kufunga salamu walikuwa hawajawahi kukusikia.

"Na mtu akiamka vibaya?" mzee wa nyuma akauliza.

"Apige simu."

"Na akiamka vizuri?"

"Ashukuru kimoyomoyo!"

Katibu akasimama, uso wa msiba. "Na hizi ma-account zikikufa?"

"Hazifi kwa siku mbili, ndugu katibu! Hazifi!" Sauti yangu ilipanda mpaka mtoto mmoja akaanza kulia. Mchungaji akaona nitamrarua mtu, akainuka haraka, akautangaza kuwa ni mfungo rasmi wa kanisa, wenye ombi la kufungulia na ombi la kumalizia. Hapo wakaelewa. Baada ya ibada mimi na Mama Mdogo tulilisafisha sanduku tena, safari hii bila kesi.

Nao wakafunga kweli. Jumatatu simu yangu ilinyamaza siku nzima, nikaitoa mfukoni mara kadhaa kuhakikisha haijaharibika. Mama mweka hazina alinipigia mchana, akaniambia kwa sauti ya mgonjwa kwamba ameona upinde wa mvua wa ajabu, ameupiga picha, na amejizuia.

Jumanne Mama Mdogo alikuwa na zamu ya mchana kule kiwandani, nami niliomba ruhusa kazini. Tukakaa mezani kwake asubuhi, simu katikati yetu. Barua ikaingia chai haijapoa. Akataka asome mwenyewe, kwa sauti, kwa Kiingereza chake cha kiwandani, neno kwa neno. Tulikuandikia, barua zetu zikarudi. Tulikuwa karibu kumpa mtu mwingine. Nimesoma barua za rafiki zako, nyingine sikuzielewa. Nafasi yako bado ipo, tujibu leo. Na mwishoni, tafadhali sana, waambie rafiki zako inatosha.

Hakushangilia. Alirudi juu, akaweka kidole pale palipoandikwa karibu kumpa mtu mwingine, akakiacha hapo. Kanisa zima lilikuwa limempenda Mama Mdogo mpaka likakaribia kumnyima kazi.

"Andika hivi," nikamwambia. "Thank you, I accept. Basi."

Akaandika. Akaitazama.

"Hata mguu nisiulize?"

"Hata mguu."

"Mwanangu, hii si barua. Hivi ndivyo mtu anavyofukuza mbuzi shambani."

"Tuma, Mama Mdogo."

Akafumba macho, akatuma. Alipoyafumbua akaniuliza kama imefika, nikasema imefika, na ndipo akapiga kigelegele kimoja ambacho kiliamsha mbwa wa mtaa mzima. Akakumbuka kwamba bado hawezi kumwandikia mtu yeyote habari hiyo mpaka jioni, ikabidi aipige kwa simu, mtu baada ya mtu, hadi akachelewa zamu yake ya mwisho mwisho kwenye kuku.

Wiki chache baadaye nilikuwa nakunja mashuka, akanipigia kutoka kazini kwake kupya. Hakuanza na salamu. Nikafikiri ameungua.

"Wamenipa email ya kazi," akasema. "Ya roster, ile ratiba ya zamu, na mafunzo. Sasa nimeandika salamu, kidogo tu, za kujitambulisha. Pale pa jina la anayeandikiwa limejitokeza All Staff, nami nikaona hilo ndilo langu."

Nikakaa chini juu ya mashuka. All Staff ni kila mtu: wauguzi, wafagizi, madereva, wakubwa wa makao makuu, na majumba yote ya kampuni ile mpaka Queensland. Mtu wa kompyuta alikuwa ameshamjia jikoni, akamwambia kwa upole kuwa lile jina huwa halitumiwi.

"Niwaandikie wote niwaombe radhi?" akauliza.

"Usiguse kitu! Mama Mdogo, usiguse kitu kabisa. Nisomee kwanza ulichoandika."

Akanisomea. Ilikuwa Kiingereza, ila ilikuwa yeye mtupu. Habari za asubuhi nyote. Mmeamkaje, na walioko nyumbani wameamkaje? Mimi ndiye mgeni wa jikoni. Nilikotoka kulikuwa na baridi sana. Hapa kuna joto, na mikono yangu imerudi. Asanteni.

Wenzangu pale kazini wakaniuliza kuna nini, nikawaashiria kwa mkono wasubiri. Mwisho nikamuuliza Mama Mdogo kama kuna mtu aliyemjibu.

"Wapo, wanazidi kuingia. Kuna mkubwa mmoja wa Queensland anasema ameamka salama ila mgongo unamuuma. Wengine wamejibu wote." Akashusha sauti. "Nifute? Siku hizi najua. Nafuta zote, halafu na kikapu."

"Usifute," nikamwambia. "Usifute hata moja."